Punje ya Haradali ya Kisa Gotami



Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, uliutaja Ubudha kwa heshima, ukisema kwamba unatambua upungufu ulio katika kiini cha ulimwengu huu wenye kubadilikabadilika. Wengi wetu tumeipita sentensi hiyo upesi. Mimi hunirudia kila ninapoongoza maziko.

Wabudha hufundisha kwamba vitu vyote tuvionavyo vina alama tatu: havidumu, havimtoshelezi anayeving'ang'ania, wala havina ndani yake nafsi ya kudumu. Hii ya tatu ndiyo ngumu. Kitabu chao cha kale, Milindapanha, chasimulia jinsi mtawa Nagasena alivyomhoji mfalme Milinda kuhusu gari lake la kukokotwa. Je, gari ni magurudumu? Ni ekseli? Ni nira? Mfalme alikana yote. Basi "gari" ni jina tu la sehemu zilizounganika, na mtu naye ni vivyo hivyo. Hapo hatuwezi kuandamana nao, kwa maana sisi twasadiki roho isiyokufa na ufufuko wa miili, kila mmoja akiwa yeye mwenyewe mbele ya Muumba wake. Tofauti hiyo si ndogo, na sioni faida ya kuifunika kwa ajili ya adabu.

Lakini ile alama ya kwanza naifahamu kutoka makaburini. Husimuliwa kwamba Kisa Gotami (Kisa ni jina lake; kwa Kipali ni "mwembamba") alifiwa na mwanawe wa pekee, akambeba akizunguka mji wa Savatthi, kaskazini mwa India, akiomba dawa. Budha hakuanza kwa kumhubiria. Alimtuma alete punje za haradali kutoka nyumba isiyowahi kufiwa. Haradali ilikuwapo kila mlangoni. Nyumba ya namna hiyo haikuwapo. Akauacha mwili wa mtoto mahali pa wafu, akarudi mikono mitupu.

Sisi mapadre hufika msibani tukiwa na maneno tayari. Katika jumuiya zetu ndogondogo nimewaona akina mama waliozika watoto wao wenyewe wakiketi na mfiwa mkekani usiku kucha, kimya. Kisha mmoja hulitaja jina la mwanawe, aliyefariki miaka 20 iliyopita. Mfiwa humgeukia, akauliza: "Alikuwa na umri gani?"