Daftari la Knoxville, Mwaka Aliofariki Pat

Jumanne, 28 Juni 2016

Nimetoka zamu ya usiku saa 1 asubuhi, na habari imenikuta ndani ya basi: Pat Summitt, kocha wa zamani wa mpira wa kikapu wa wanawake wa Chuo Kikuu cha Tennessee, amefariki. Alitimiza miaka 64 wiki mbili tu zilizopita. Dereva alizima redio, kisha akaiwasha tena, na hakuna abiria aliyesema neno mpaka Magnolia Avenue.

Nilihamia hapa Aprili 2007. Mji mzima ulikuwa umevaa rangi ya chungwa, nami nikauliza kuna sherehe gani. Nikaambiwa wasichana wa Pat wamechukua ubingwa wa taifa, wa saba. Mwaka uliofuata wakachukua wa nane. Sikuwahi kuona watu wazima, wanaume kwa wanawake, wakipanga foleni kuingia ukumbi wa watu zaidi ya 20,000 kwa ajili ya wasichana wa chuo na mpira wao wa kikapu. Kwetu Tanga nilicheza netiboli shuleni, na watazamaji walikuwa wenzetu waliosubiri zamu yao kiwanjani.

Funga imekuwa nzito leo. Usingizi haukuja.

Jumatano, 29 Juni

Bibi ninayemuuguza, wa chumba cha mwisho (jina lake nitamwachia mwenyewe na wanawe) alikuwa na tiketi ya msimu tangu siku zile Pat mwenyewe alipokuwa akiendesha gari la timu. Sasa anaugua ugonjwa uleule uliomwondoa Pat. Majina ya wanawe yamemtoka, lakini filimbi ya mchezo ikilia kwenye runinga huketi wima.

Usiku kucha runinga ilionyesha picha za Pat. Akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia, akalia. Baada ya robo saa akauliza tena, nikamwambia, akalia upya, kama mtu aliyeletewa msiba sasa hivi. Mara ya tatu sikuweza. Nikasema, “Wanamsifu Pat, mama.” Akasema, “Wamechelewa.” Kisha akalala.

Ijumaa, 1 Julai

Nimeazima maktaba kitabu chake cha 2013, Sum It Up, alichokitoa akiwa tayari mgonjwa. Alikulia shambani, kwenye tumbaku na ng'ombe wa maziwa, na usiku alicheza mpira na kaka zake juu ya ghala la majani makavu. Shule ya sekondari ya kwao haikuwa na timu ya wasichana. Baba yake akaihamisha familia hadi Henrietta, kaunti ya pili, ili binti apate pa kucheza. Nimerudia ukurasa huo mara tatu. Mkulima mkali, asiyejua maneno matamu, anahamisha nyumba kwa ajili ya mpira wa binti!

Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Tennessee kilimkabidhi timu akiwa na miaka 22, kwa dola 250 kwa mwezi, huku bado anasomea shahada ya pili. Jezi alizifua yeye. Gari aliliendesha yeye. Kuna safari walilala sakafuni, kwenye ukumbi wa wenyeji wao. Sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia katika masomo ilikuwa imepitishwa 1972, lakini sheria haifui jezi. Mechi ya kwanza walifungwa na Mercer kwa pointi moja. Miaka miwili baadaye alikuwa Montreal, mchezaji, akivaa medali ya fedha katika Olimpiki ya kwanza kuwa na mpira wa kikapu wa wanawake. Mwaka 1984, Los Angeles, akarudi kama kocha na kuchukua dhahabu.

Magazeti yote yanataja ushindi wake 1,098. Ni mwingi, hakuna kocha mwingine wa vyuo, mwanamume au mwanamke, katika daraja la juu aliyekuwa ameufikia alipostaafu. Mimi ninaloshika ni jingine. Katika misimu 38, kila mchezaji aliyemaliza miaka yake yote ya kucheza chini yake alipata shahada. Darasani walikaa safu tatu za mbele, na kukosa kipindi kulikuwa na malipo yake. Kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo hapakuwa na WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake. Ligi ile ilianza 1997. Msichana angeweza kuruka na kukimbia miaka minne, akashangiliwa, kisha akatoka mikono mitupu. Pat hakukubali watumike namna hiyo.

Jumapili, 3 Julai

Kaka amepiga simu kutoka Tanga. Mama ametoka tena nyumbani saa 9 usiku, amekutwa njia ya Raskazone akimtafuta baba, ambaye tulimzika zamani. Majirani wanasema mama ana mashetani. Kaka anasema ni uzee, na tusiyatoe nje mambo ya nyumbani, tutaaibika.

Nimehudumia wagonjwa wa aina hii miaka saba. Nawajua kwa namna wanavyoshika kijiko. Na kwa mama yangu nimenyamaza pamoja na ndugu zangu, kwa sababu niko mbali na sikutaka kuonekana najua kuliko wao.

Agosti 2011 Pat alikaa mbele ya kamera akautaja ugonjwa wake kwa jina: Alzheimer, na mapema mno, miaka 59. Mwanawe Tyler alikuwa na miaka 20 tu, na ndiye aliyesimama naye. Akafundisha msimu mmoja zaidi, Holly Warlick, mchezaji wake wa zamani na msaidizi wake wa miaka mingi, akibeba sehemu kubwa ya mzigo. Watu wakavaa fulana za kumuunga mkono. Machi 2012 timu ilitolewa na Chuo Kikuu cha Baylor kwenye mashindano ya ubingwa wa taifa, 77 kwa 58, na kocha wa Baylor, Kim Mulkey, alikuwa mchezaji wa Pat kwenye dhahabu ile ya 1984. Mwezi uliofuata Pat akampisha Holly. Mji mzima ulijua anaumwa nini, kwa hiyo mji mzima ulijua namna ya kumsaidia.

Jumatano, 6 Julai

Idi. Nimeswali, nimekula biriani kwa jamaa wa Unguja. Nikazungumza na mama. Ameniita kwa jina la dada yake. Nikaitika.

Alhamisi, 14 Julai

Leo jioni wamemkumbuka Pat katika ukumbi wa Thompson-Boling, kwenye uwanja wenye jina lake. Nilibadilishana zamu na mwenzangu nikaenda, nikakaa juu kabisa. Peyton Manning, nyota wa zamani wa futiboli ya Kimarekani wa chuo hichohicho, alizungumza, nami nilimsikiliza kwa heshima, lakini macho yangu yalikuwa kwa wachezaji wake wa zamani. Wanawake warefu, wengine wameshaingia mvi. Pat hakuwa mpole. Lile jicho lake liliwaliza wasichana wengi, na sidhani kila ukali ulikuwa wa lazima. Mimi nisingelivumilia nikiwa na miaka 18. Hata hivyo, wamerudi. Mtu aliyekuumiza tu humrudii baada ya miaka 30.

Nilitoka kabla ya umati, nikasimama kwenye sanamu yake. Kulikuwa na maua hadi miguuni.

Ijumaa, 15 Julai

Nimewaandikia ndugu zangu wote ujumbe mmoja. Nimesema dalili za mama ni za Alzheimer, nimeliandika neno lenyewe. Apelekwe hospitali. Mlango uwekwe komeo la juu. Usiku asilale peke yake. Majirani waambiwe ukweli, ili wakimwona njiani wamshike mkono wamrudishe, wasimkimbie.

Kaka amejibu saa 5 usiku wa huko. Jumatatu atampeleka hospitali ya Bombo, na jirani wa mkono wa kulia ameshaambiwa.