Uwanja wa Gofu na Uzito wa Mfuko

Kila mchezo una kodi yake. Bao hutoza subira, na kandanda hutoza pumzi. Gofu hutoza subira pia, lakini kabla ya subira hutoza fedha. Kwa hiyo watu wengi huuhesabu mchezo huu kuwa ni urithi wa matajiri. Sababu ya dhana hiyo ipo, ila haimo katika mchezo wenyewe. Fimbo chache, mpira mdogo na shimo si vitu vya kumfilisi mtu. Kilicho ghali ni ardhi. Uwanja wa mashimo 18 hutaka hekta 50 au zaidi, na ardhi hiyo hutaka maji, mbolea na watu wa kukata majani yake. Basi atakaye kujua gofu ni ya nani, na aulize kwanza ardhi ni ya nani.

Kuna viwanja vya watu teule. Mfano wake ni Augusta National, katika jimbo la Georgia, Marekani, kilichofunguliwa mwaka 1933. Hapo fedha peke yake haifungui mlango. Mtu hungoja kualikwa. Mwanachama wa kwanza mweusi alipokewa mwaka 1990, na wanawake wa kwanza mwaka 2012. Kuna na viwanja vya mahoteli, ambavyo humkaribisha kila mgeni maadamu mfuko wake ni mzito.

Lakini kuna na viwanja vya umma. Bethpage Black, karibu na jiji la New York, ni mali ya jimbo. Kilifunguliwa mwaka 1936, katika siku za dhiki kuu ya uchumi, na mwaka 2002 mabingwa wa dunia walishindania hapo taji la Marekani. Mkazi wa jimbo huruhusiwa kucheza kwa ada ndogo kuliko mgeni, na wako walalao ndani ya magari yao ili wapate zamu ya alfajiri. Aliye maskini wa fedha hulipa kwa usingizi wake. Na hiyo, kwa maoni yangu, ni kodi ya haki kuliko ya kualikwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa St Andrews, mji mdogo wa pwani ya Uskoti. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alitia sahihi hati iliyotambua haki ya wenyeji kucheza katika mchanga wa pwani yao. Hati haikutosha kuilinda haki. Mwaka 1797 halmashauri ya mji, iliyoelemewa na madeni, iliitoa ardhi ile, na wafuga sungura wakaitia matundu yasiyo ya gofu. Ugomvi ulidumu hata mwaka 1821, jirani mwenye shamba, James Cheape, alipoinunua ili mchezo usife. Mwaka 1894 mji uliirejesha mikononi mwake kwa sheria ya Bunge, na tangu mwaka 1974 yasimamiwa na amana ya umma.

Leo amana hiyo ina viwanja saba. Mgeni atakaye Uwanja wa Kale wakati wa kiangazi hulipa zaidi ya pauni 300, tena baada ya kupigiwa kura. Mwenyeji hununua tiketi ya mwaka kwa bei nafuu. Watoto na wanagenzi wana Balgove, uwanja wa mashimo tisa wenye ada ndogo. Na siku ya Jumapili Uwanja wa Kale kwa desturi hufungwa kwa mchezo, ukawa bustani ya watu wote. Nimepata kuuvuka siku kama hiyo, miongoni mwa wazee, watoto na mbwa, wala hapana aliyeniuliza nimelipa nini.

Kwetu Afrika Mashariki gofu ililetwa na utawala wa Waingereza. Klabu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika aliingia uwanjani akiwa amebeba mfuko wa fimbo za mtu mwingine. Hata hivyo macho hayakukatazwa kujifunza, na wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Kenya walianza kwa uchukuzi huo. Kipaji kilikuwapo, kilichokosekana ni mlango. Wala unyonge wa nchi si udhuru, maana viwanja vingi vya zamani vya huku havikuwa na majani laini penye shimo, bali mchanga uliochanganywa na mafuta, na mpira ulitumbukia vile vile.

Mchezo mmoja waweza kuwa na bei nyingi bila ya kumdhulumu mtu, ikiwa ardhi imebaki kuwa ya wengi. Miji yetu hukua kila mwaka, na viwanja vya wazi huliwa na majengo. Watu wa St Andrews walihitaji karibu miaka mia moja kukirudisha walichokitoa kwa sababu ya deni. Si kila mji utampata jirani kama Cheape.