Tofali la Makumbi

Katika maduka ya vifaa vya bustani nchini Ujerumani huuzwa tofali la rangi ya kahawia, lililokaushwa na kushindiliwa hata likawa gumu kama ubao, ambalo likitiwa ndani ya ndoo ya maji huvimba na kugeuka udongo mwepesi unaopitisha hewa. Na karatasi iliyolizungushia haifichi kwamba kilichomo si kitu kingine ila makumbi ya nazi. Mtu aliyekulia Pangani, Mtwara au Lamu, ambako makumbi huishia jikoni kuchochea moto au hutupwa nyuma ya nyumba yakawa maskani ya nge, hushindwa kujua acheke au akasirike anapoyaona yamebandikwa bei. Hasira huelekea kushinda, kwa sababu rafu ya pili ina mashudu ya mwarobaini, yaani makapi ya mbegu zilizokwisha kukamuliwa mafuta, na mwani uliosagwa, na magamba ya kaa, na unga wa makombe ya chaza, na makaa yaliyopondwa, hivi kwamba orodha nzima ingeweza kuandikwa na mtu aliyesimama ufukweni maji yamekupwa, akihesabu taka zilizomzunguka.

Miongoni mwa wanunuzi wa bidhaa hizo wamo watu wanaootesha bangi kwa ruhusa ya sheria. Tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu mzima anayeishi Ujerumani anaruhusiwa kuwa na miche isiyozidi mitatu kwa wakati mmoja nyumbani kwake, kwa matumizi yake mwenyewe, mradi asiuze na mradi aiweke mahali ambapo watoto hawawezi kuifikia. Idadi hiyo ndogo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, imeupa nguvu mpya ufundi ambao wakulima wa Marekani walikuwa nao tangu zamani, kwani mwenye miche mitatu hawezi kufidia uzembe kwa wingi wa mashina, na kwa hiyo hulazimika kuutunza kila mmoja kama mwari aliyewekwa ndani: hupewa chombo chake kipana, udongo wake uliopikwa kwa majuma kadhaa, na maji yake yasiyozidi wala kupungua.

Ufundi wenyewe huitwa udongo hai, na maana yake ni kwamba mkulima halishi mmea bali huwalisha walio chini ya mmea, nao ndio huulisha. Bakteria, kuvu na nyungunyungu huvunjavunja mashudu na magamba taratibu, wakiyageuza kuwa chakula ambacho mizizi inaweza kukifyonza, na baadhi ya kuvu, wale waitwao maikoriza, huingia ndani ya mizizi yenyewe na kurefusha mikono yake hadi mahali ambapo isingefika peke yake. Baada ya mavuno udongo haumwagwi. Shina hukatwa usawa wa ardhi, mizizi huachwa ioze pale pale, tabaka jipya la mboji hutandazwa juu, na mche mwingine hupandwa kando ya kisiki, hata chombo kimoja kikaweza kutumika miaka kadhaa bila kubadilishwa udongo. Mbolea ya chumvichumvi haikaribishwi, kwa kuwa humwaga chakula tayari mbele ya mmea na kuwaacha wapishi wa chini bila kazi.

Wapishi hao, hata hivyo, wana udhaifu mmoja: hawavumilii ukame, wala hawavumilii gharika. Udongo wenye mboji nyingi ukikauka kabisa huweza kuwa mgumu kulowa tena, maji yakamwagwa juu yake na kuteleza pembeni bila kuingia, na ukijaa maji hukosa hewa na kuanza kunuka. Hapo ndipo unapoingia umwagiliaji wa utambi, ambao kila aliyesoma kwa mwanga wa koroboi anauelewa bila mwalimu, kwani nguvu ile ile iliyopandisha mafuta ya taa hadi kwenye ulimi wa moto ndiyo inayopandisha maji hadi kwenye mizizi. Wataalamu huiita nguvu ya kapilari, yaani tabia ya maji kujivuta yenyewe ndani ya vinjia vyembamba hata kuelekea juu. Chombo kimoja chenye udongo huwekwa juu ya kingine chenye maji, na kamba hupitishwa katikati, ncha yake moja ikazama majini na nyingine ikatawanywa ndani ya udongo. Bomba la kujazia husimama pembeni, na tundu dogo hutobolewa ubavuni mwa chombo cha chini ili maji ya ziada yatoke yasije yakafikia udongo. Hakuna pampu wala umeme. Mmea hunywa kadiri unavyohitaji, na mwenyewe anaweza kusafiri juma zima.

Mtindo huu haukuzaliwa na bangi. Mkulima wa nyanya wa Florida, Blake Whisenant, alitengeneza sanduku la namna hii miaka ya 1990, na waotesha bangi waliukuta ukiwa tayari. Kinachofurahisha, na hapa hasira ya tofali hupoa kidogo, ni udogo wa mambo yanayoweza kuuharibu. Utambi wa pamba, ambao koroboi iliupenda, haufai kabisa, kwa sababu udongo ukiwa hai kweli huula. Baada ya muda kamba huvutwa ikatoka fupi, imelainika, ncha imekwisha kama mkia uliotafunwa, na ndiyo maana hutumika nailoni au poliesta. Udongo wa juu usipande zaidi ya sentimita 30 hivi kutoka kwenye maji, vinginevyo unyevu huishia njiani. Mche mchanga humwagiliwa kwa juu mpaka mizizi yake iwe imeteremka. Na kwa kuwa maji husafiri kwenda juu tu, kisha hupotea hewani, chochote kilichoyeyuka ndani yake hubaki kikiganda juu ya udongo kama ukoko mweupe, ndiyo sababu chombo cha chini hutiwa maji matupu, na juu hutandazwa majani makavu, yale ambayo mabwana shamba huyaita matandazo.

Nyumbani, wakulima wa Iringa na Njombe wamelima vinyungu tangu enzi za mababu, wakipanda kiangazi kwenye matuta ya mabondeni ambako maji yaliyo chini hupanda yenyewe kulisha mahindi na maharage, na wala hakuna aliyewauzia kamba. Lakini huko huko nyumbani uwanja hufagiwa kila alfajiri mpaka ardhi ikang'aa, majani ya mwarobaini yakakusanywa na kuchomwa moto, moshi ukafukuza mbu, na saa mbili baadaye mwenye uwanja ule ule akaenda dukani kuulizia bei ya urea. Usafi ni jambo jema. Hakuna aliyelelewa uswahilini atakayethubutu kusema vinginevyo mbele ya bibi yake.

Kuhusu bangi yenyewe, ulinganisho hauendi mbali, kwa kuwa Tanzania na Kenya zinaikataza, na kinachojulikana zaidi ni picha za askari waking'oa na kuchoma mashamba yaliyofichwa milimani. Mtu anayengoja kung'olewa kesho hajengi udongo wa kutumika miaka kadhaa. Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba sheria ndiyo iliyoleta tofauti, lakini mchicha haujapigwa marufuku popote, nao pia hulimwa kwenye mchanga uliochoka.

Shangazi mmoja wa Pangani, alipoelezwa kwa simu kwamba huku ugenini makumbi hununuliwa kwa fedha, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, kwani huko wameishiwa taka?" Alipoambiwa pia habari za mwarobaini alicheka hadi akakohoa, akasema kwamba kama ni hivyo yeye ni tajiri na hakuna aliyemwarifu. Hakuambiwa mche unaopandwa humo ni wa nini, kwa sababu yapo mambo ambayo mtu hamwelezi shangazi yake. Aliuliza tu utambi unawekwaje, akarudia maelezo mara mbili, na akataka kujua kama kamba yoyote inafaa.

Picha ilifika baada ya wiki mbili. Ndani ya ndoo iliyotobolewa chini, juu ya beseni lililochakaa, umeota mchicha, umefunikwa majani ya mwarobaini ambayo safari hii hayakuchomwa, na kamba inayoning'inia ndani ya maji ni ya nailoni, imekatwa kutoka kwenye kamba ya kuanikia nguo.