Anwani Moja

Mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili nilipewa kazi ya muda ya kutunza mtandao wa bweni letu. Laini ilikuwa ya megabiti 8 kwa sekunde, na watu tulikuwa karibu mia moja. Niliweka sheria kwenye rauta: kila anwani isivuke kilobiti 512, ili mmoja asipakue filamu huku mwenzake akishindwa kufungua barua pepe. Nilijiona mtenda haki.

Kisha nikaweka Squid, proksi yenye kashe. Proksi huwaombea watu kurasa na mafaili, ikabaki na nakala, ili alichokwisha kupakua mmoja kisiagizwe tena nje kwa ajili ya wa pili. Siku hiyohiyo mtandao ukawa mzito ajabu.

Saa mbili usiku dada mmoja alinibishia hodi, kompyuta mkononi.

"Kaka, fomu ya ufadhili haifunguki. Mwisho ni saa sita."

"Pole, dada. Ni hao watoa huduma," nikajibu. Sikuwa nimeangalia chochote.

Niliangalia saa saba. Kwenye orodha ya rauta kulikuwa na anwani moja tu, ya proksi. Bweni zima lilikuwa nyuma yake, na rauta, kwa kutii sheria yangu, ilitupa sote kwa pamoja kilobiti 512. Megabiti saba na nusu zilikaa bure.

Dawa ilikuwa kuiondolea proksi kikomo kile na kuhamishia mgao ndani ya Squid, ambako kila mtu bado anaonekana kwa anwani yake. Squid hugawa kwa ndoo: kila mtumiaji ana yake, inajaa kwa kasi uliyopanga, na ikikauka anasubiri. Kinachotoka kwenye kashe hakipunguzi ndoo, maana hakijapita laini ya nje. Nilimaliza alfajiri.

Asubuhi nilimkuta dada yule kwenye foleni ya chai. Fomu haikwenda. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, watoa huduma niliwasingizia.

Alinyamaza kidogo. "Kuligundua kulikuchukua muda gani?"

"Dakika tano."

Akapokea kikombe chake, akaenda kukaa na wenzake.