Mkasi wa Sakristia



Wapendwa taifa la Mungu, wiki hii napenda tutafakari pamoja jambo dogo ambalo wengi wenu hamlioni, kwa kuwa hufanyika sakristia kabla kengele ya Misa haijapigwa. Sakristani wetu, mzee wa miaka mingi katika huduma hiyo, huchukua mkasi mdogo, huinama juu ya kila mshumaa uliokwisha kupoa, na kukata ncha nyeusi ya utambi. Huacha kipande kifupi, yapata milimita 6 hivi, kisha huokota vijipande vyeusi visije vikabaki juu ya nta. Kazi yote haizidi dakika tano. Lakini juma ambalo mzee hayupo, hata mwenye kukaa benchi la mwisho huona tofauti: mwali hurefuka na kuchezacheza, moshi hupanda ukutani, na kitambaa cha altare hupata madoa ya nta.

Kwa nini iwe hivyo? Ninyi mliolelewa kwa mwanga wa chemli au kibatari hamhitaji kufundishwa. Mnakumbuka jinsi utambi uliopandishwa mno ulivyojaza chemni masizi, chumba kikaingia giza ingawa moto ulikuwa mkubwa. Mshumaa nao hufuata kanuni ile ile. Joto la mwali huyeyusha nta. Nta iliyoyeyuka hupanda ndani ya utambi, kama maji yapandavyo katika pindo la kanga lililogusa beseni. Ikifika juu hugeuka kuwa mvuke, na mvuke huo ndio uwakao. Utambi ukiwa mrefu kupita kiasi, hupandisha nta nyingi kuliko hewa iliyopo iwezavyo kuiunguza. Sehemu isiyoungua hutoka ikiwa moshi, na nyingine huganda kwenye ncha kama kichwa cha uyoga.

Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliwaeleza vijana wa London mambo haya katika mihadhara yake juu ya mshumaa, iliyotolewa kuwa kitabu mwaka 1861. Alifundisha kwamba mwanga wa manjano tuuonao hutokana na chembe ndogo mno za kaboni zinazong'aa kwa joto ndani ya mwali. Chembe hizo hizo, zikiponyoka kabla ya kuungua, ndizo masizi. Ni jambo la kustaajabisha, ndugu zangu: kinachoangaza altare na kinachochafua ukuta ni kitu kimoja. Kile cha kwanza kimeungua hadi mwisho, cha pili kimekatishwa njiani.

Katika karne zilizopita, mishumaa ya mafuta ya wanyama ilihitaji kukatwa tambi mara kwa mara ingali inawaka. Katika miaka ya 1820, Mfaransa Cambacérès alibuni utambi wa kusuka, ambao hupinda kidogo unapowaka, ncha yake ikatoka pembeni mwa mwali na kujiteketeza yenyewe. Ndiyo maana mishumaa myembamba ya dukani haitusumbui sana. Lakini mishumaa minene ya altare yetu bado huhitaji mkono wa mtu.

Liko pia kosa la upande wa pili. Dominika moja mtumishi mdogo wa altare, kwa bidii yake njema, alikata tambi mbili karibu usawa wa nta. Mishumaa iliwaka kwa shida, mwali ukawa kama punje ya mtama, na kabla ya Matoleo nta iliyoyeyuka ilikuwa imeifunika na kuizima. Baada ya Misa mzee hakumkemea. Alikwangua nta kuuzunguka kila utambi hadi ukajitokeza, akampa yule mtoto mkasi, akamwonyesha mahali pa kukata.

Nilikuwa na sababu ya kumtazama mzee kwa makini siku ile. Juma hilo hilo Halmashauri ya Walei ilikuwa imeletewa malalamiko juu ya mwalimu wa kwaya mojawapo. Ni mtu mwenye kipaji na bidii, kila mmoja anakiri. Lakini mazoezi yake yalikuwa yakiendelea hadi usiku, wazazi wakahofia mabinti zao njiani, na maneno yake makali yalikuwa yamewaondoa waimbaji wanne. Baadhi ya wajumbe walitaka avuliwe uongozi mara moja. Wengine walitaka aachwe alivyo, kwa kuwa hatutampata wa kufundisha kama yeye. Wa kwanza wangetuachia giza, wa pili wangetuachia masizi.

Tulisubiri siku kadhaa, kwa maana hata mzee hakati utambi ungali na moto. Kisha tukakaa naye, watu watatu tu, tukamweleza bila kuzunguka. Mazoezi yatafungwa saa 12 jioni, na yeye mwenyewe atawatembelea wale wanne majumbani mwao. Aliumia, nasi tuliona kwamba ameumia. Hata hivyo alikwenda. Wawili wamerudi kwaya, wawili bado, na tunaendelea kuwaombea.

Nabii Isaya, katika sura ya 42, anamtangaza Mtumishi wa Bwana ambaye hatauzima utambi unaofuka moshi, na Mwinjili Mathayo anaona unabii huo ukitimia katika Yesu. Tukumbuke kwamba utambi ule unafuka kweli, nabii hafichi moshi wake. Nacho kitabu cha Kutoka, sura ya 25, kinaagiza kwamba hata makasi ya kinara cha taa yawe ya dhahabu safi, sawa na kinara chenyewe. Chombo cha kurekebisha mwanga kilistahili heshima ile ile ya chombo cha kuubeba. Mzazi amwonyaye mwanawe, mwenyekiti wa Jumuiya Ndogondogo amshauriye jirani, na mimi paroko wenu nisimamapo mbele yenu, tujiulize kama makasi tuliyoshika ni ya namna hiyo. Tujiulize pia ni lini sisi wenyewe tulimruhusu mtu kutukaribia na mkasi.

Mwisho, ombi dogo kwa watumishi wa altare. Msikate utambi kabla mshumaa haujapoa, wala msikate zaidi ya ile ncha nyeusi iliyozidi. Mishumaa ikiwashwa, zimeni pangaboi lililo karibu na altare, kwa maana upepo huyumbisha mwali na kuleta moshi hata kama utambi umekatwa vizuri. Jumamosi hii saa 9 alasiri mzee atakuwa sakristia, naye yuko tayari kumfundisha yeyote atakayefika. Macho yake si ya jana, na kazi hii inahitaji warithi.

Nawatakieni Dominika njema yenye baraka.

Wenu katika Kristo,
Paroko