Hekalu la mabaharia lililoachwa na bahari

Marehemu baba yangu alikuwa baharia, na safari yake ya mwisho hakurudi. Basi mwenzenu nilipofika Singapore, mji aliopenda kutusimulia, miguu ilinipeleka mtaa wa Telok Ayer, kwenye hekalu la Wachina liitwalo Thian Hock Keng.

Nje wamekaa simba wa mawe. Milango imechorwa walinzi wenye macho makali, na kizingiti chake kirefu kweli kweli! Nilitaka kukikanyaga, mzee mmoja akaniashiria: ruka. Ndani kuna ua wa wazi, moshi wa ubani, na ukitazama juu unaona boriti zilivyochomekwa moja ndani ya nyingine. Mafundi walioanza kazi 1839 wakamaliza 1842 wanasifiwa kwamba hawakupiga msumari hata mmoja. Si mchezo! Ncha za paa zimepinda kwenda juu, na majoka yamelala huko. Sanamu ya Mazu, mlinzi wa mabaharia, ililetwa kutoka China mwaka 1840.

Wahamiaji wa Fujian wakishuka majahazini walikuja hapa kushukuru kufika wazima, maana wakati huo maji yalikuwa mbele ya hekalu. Sasa toka nje uone: barabara na maghorofa! Bahari ilifukiwa karne ile ile ya 19.

Mimi si wa dini ile, ubani sikuchoma. Ila mbele ya Mazu nililitaja jina la baba, kimya kimya, kisha nikaruka kizingiti nikatoka.