Baba, Chaki na Brashi

Baba yangu alitoka Chuo cha Ualimu Mpwapwa katikati ya miaka ya sitini, akapangiwa shule ya msingi wilayani Kilosa, ambako mashamba ya mkonge yalianzia nyuma ya vyoo vya shule. Wakati ule kufundisha ilikuwa sehemu tu ya kazi ya mwalimu. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa Machi 1967, ilimtaka awe shambani na wanafunzi. Sherehe za Saba Saba zilimtaka awe na kwaya. Na baada ya Mathias Mnyampala kuieneza ngonjera, kila mwalimu aliyejua kupanga vina aliagizwa kutunga. Baba aliyapenda yote hayo. Aliwakumbusha wanakwaya wake kwamba hata sauti ya wimbo wetu wa taifa ilitungwa mwaka 1897 na mwalimu wa shule ya misheni kule Afrika Kusini, Enoch Sontonga.

Alitunga usiku, akihesabu mizani kwa kugonga meza kwa kidole: nane, kituo, nane. Sisi watoto tuliolala chumba cha pili tulijua ubeti umekamilika kabla hatujasikia neno lake hata moja, maana kidole kilipita bila kusita. Redio ilipoanza kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, alitunga ngonjera ya mzee mbishi asiyetaka kuchimba choo, akijibizana na mjukuu wake. Ngonjera nyingi za miaka ile, kwa maoni yangu, zilichosha kwa sababu mbishi hakupewa hoja. Alisimama pale ashindwe. Mbishi wa baba alikuwa na beti nzuri kuliko za mjukuu. Alilalamikia mgongo, jembe lililokwisha makali, ardhi ngumu ya kiangazi. Wazazi walimpigia makofi yeye kwanza, na mjukuu akalazimika kujibu kwa akili.

Kisha ikaja miaka ya themanini. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, madukani sabuni na sukari zilikuwa za foleni, na mshahara wa mwalimu haukufika katikati ya mwezi. Mikono ileile ikawa ya kutafutia riziki. Baba aliandika vibao vya vinyozi, vya hoteli za chai, vya mashine za kusaga, akilipwa fedha au debe la mahindi. Rangi za dukani zilikuwa adimu. Nyeusi alijitengenezea kwa unga wa betri zilizokufa, uleule aliopakia ubao wa darasani. Mama ndiye aliyesimamia malipo, maana baba aliona haya kudai. Herufi zake zilikuwa nzuri, zimesimama sawasawa, na mpaka leo nikiona kibao kilichoandikwa kwa brashi husimama kukitazama. Lakini usiku hatukusikia tena mezani kitu chochote. Hilo liliniuma, na nadhani lilimuuma mama zaidi.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, hakuna aliyekuja tena shuleni kwetu kuagiza ngonjera. Baadaye mabango ya kuchapwa kwa mashine yakachukua wateja wa vibao. Baba akastaafu bila agizo la chama wala la mwenye duka, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaanza kutunga alichotaka mwenyewe. Mafuriko ya Mkondoa yaliyoharibu reli na nyumba za watu mwishoni mwa 2009 aliyaandikia utenzi, na humo mto unazungumza. Mimi nauona kuwa kazi yake bora kuliko zote. Hauna kibwagizo cha pongezi wala mgeni rasmi. Una watu wakitafuta vitu vyao kwenye tope.

Wanafunzi wake wa zamani, wengine wastaafu kama yeye, humtumia beti zao kwa simu, naye huwapigia kuwaambia mshororo gani umepungukiwa. Sasa anatunga ngonjera ya treni ya umeme inayopita kwenye mahandaki ya milima ya Kilosa. Mzee mbishi amerudi: anauliza nani atanunua ndizi za akina mama wa vituo vidogo, ikiwa treni haisimami. Beti za mjukuu bado hazijaandikwa. Baba anataka kwanza aipande mwenyewe mpaka Dodoma, na nauli nimeshampa.